Uliza Mjomba: Mbunge wa viti vya nyuma anatusaidia nini?

Mwezi uliopita nilitupia sentensi moja tu kwenye safu hii, kwamba mbunge asiye waziri ana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, basi kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa, wengine wananicheka, wengine wana hasira kabisa na wabunge wao na hasira wamezileta kwangu. Nimechagua saba. Nyingi nimezipunguza urefu maana kuna ndugu yetu mmoja kaandika kurasa tisa, huyo nimemweka wa mwisho.

Shikamoo mjomba. Mbunge wetu ana miaka mitatu bungeni, sio waziri, sio naibu waziri, kazi yake kukaa nyuma na kupiga makofi. Daraja letu lilivunjika na mvua, tukimuuliza anasema "nimeshaliulizia bungeni". Sasa kuuliza ndio nini, si aje alijenge? (Mwanafunzi wa chuo)

Marahaba mwanangu. Tuanzie hapo kwenye kujenga, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Mbunge hana fungu la kujenga daraja, hana wakandarasi, hana mtu hata mmoja wizarani wa kumwambia fanya hivi akafanya. Kwenye mabunge yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, na ni mengi, India, Kanada, New Zealand, Tanzania na wenzake, mbunge wa kawaida hata kupendekeza tu serikali itumie hela mpya hawezi kirahisi, hilo ni la serikali yenyewe. Katiba ya Tanzania ibara ya 99 imeliandika wazi, mambo ya kodi na matumizi yanaletwa na upande wa Rais kupitia waziri. Kwahiyo yule aliyewaahidi kwenye kampeni "nitajenga" aliwaongopea kidogo, labda hata yeye alikuwa hajui.

Hilo jina la viti vya nyuma limetoka London. Pale House of Commons mawaziri wanakaa mstari wa mbele upande mmoja, wasemaji wakuu wa upinzani wanakaa mstari wa mbele upande wa pili, waliobaki wote nyuma yao. Ndio hao tunaowaita mabakibencha. Sio kwamba ni wabunge wa daraja la pili, hapana, kura yake ni moja sawa na ya Waziri Mkuu, ila hana wizara.

Sasa silaha yake ni ipi? Swali. Najua linasikika kama kitu kidogo lakini subiri. Swali la msingi linapelekwa mapema kwa maandishi, wataalamu wa wizara wanakaa wanaandika jibu zuri limenyooka, waziri anakuja kulisoma. Hapo bado hakuna mchezo. Mchezo ni swali la nyongeza, lile ambalo waziri hakuliona kabla, amesimama mbele ya kamera, hana karatasi, na mbunge anamuuliza "je, waziri yuko tayari kusema hapa leo ni lini mkandarasi ataingia kazini?" Akisema mwezi wa tisa, imeandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, neno kwa neno, na mwezi wa tisa ukifika bila mkandarasi mbunge anasimama tena na ule ukurasa mkononi. Uingereza wameligeuza hili mpaka linachekesha, kwenye maswali kwa Waziri Mkuu kila Jumatano saa sita mchana, ambayo ni nusu saa tu, swali lililoandikwa kwenye karatasi ya shughuli kwa kawaida linauliza tu Waziri Mkuu ana ratiba gani leo. Hakuna anayejali ratiba yake! Ni mlango tu wa kuingilia, swali lenyewe linakuja kwenye nyongeza.

Halafu kuna foleni. Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, kwa siku moja yanapangwa maswali 20 ya kujibiwa kwa mdomo, yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na mengine mpaka 230 yanajibiwa kwa maandishi tu. Commons wanachomoa majina 15 kwa ajili ya Waziri Mkuu, wengine wote wanabaki kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, wakitafuta jicho la Spika kama watoto wanaotaka kuchaguliwa darasani. Kwahiyo mbunge wako akikwambia ameuliza, usimdharau papo hapo, muulize alijibiwa nini, na baada ya jibu alifanya nini. Hapo kwenye "baada ya jibu" ndio utajua una mbunge au una mpiga makofi.

Kuna na kitu kingine Watanzania wanakijua vizuri, kushika shilingi. Wakati wa kupitisha bajeti ya wizara mbunge anasema nashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anapendekeza fungu lile lipungue kwa shilingi moja mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Shilingi moja haimfilisi waziri, ila inamzuia hapo hapo alipo, watu wanaanza kujadili lile daraja wakati yeye anataka bajeti ipite aende nyumbani. Mara nyingi inaishia shilingi inarudishwa, ndio, lakini inarudishwa baada ya ahadi kutamkwa.

Mjomba mi nakereka, mbunge wetu akisimama anaongelea mambo ya dunia nzima, mara mabaharia, mara wafungwa, mara hali ya hewa. Sisi tumemtuma maji! (Mama wa watoto wanne)

Dada nakuelewa na sitakutuliza kwa maneno matamu. Kama tangu achaguliwe hajataja maji hata mara moja, una haki ya kukasirika. Ila ngoja nikusimulie ya Samuel Plimsoll.

Huyu bwana alikuwa mbunge wa Derby, Uingereza, kuanzia 1868. Derby ni mji wa bara, bahari hakuna. Lakini yeye akashikilia suala la mabaharia, maana enzi hizo wenye meli walikuwa wanazijaza mizigo kupita kiasi, nyingine chakavu, wamezikatia bima nzuri, meli ikizama mwenye meli analipwa na mabaharia wanakufa. Watu waliziita meli za jeneza. Mwaka 1875 serikali ya Waziri Mkuu Disraeli ikaamua kuuweka pembeni muswada wa usalama wa meli, Plimsoll akalipuka mle ndani, akawaita baadhi ya waheshimiwa waovu na akakunja ngumi kwa hasira. Alitakiwa kuomba radhi na baadaye aliomba. Lakini wananchi walishachemka, serikali ikarudi haraka na sheria ya muda mwaka huo huo, na 1876 ikaja sheria ya kila meli kuchorwa mstari ubavuni, maji yakifika hapo usiongeze mzigo. Wenye meli waliendelea kuuchezea huo mstari kwa miaka kadhaa mpaka ukabanwa vizuri, lakini ulibaki. Leo ukienda bandari yoyote ukaangalia meli ya mizigo ubavuni utauona, na wengi wanauita kwa jina lake. Sasa fikiria watu wa Derby nao wangesema "sisi hatuna bahari, nyamaza".

Upande wa pili wa shilingi, maana sitaki uone namtetea sana. Edmund Burke, mbunge mwingine wa Uingereza, mwaka 1774 aliwaambia wapiga kura wake wa Bristol kwamba mbunge ana deni kwenu la kutumia akili yake mwenyewe, yeye sio mjumbe wa kubeba tu mlichosema. Maneno mazuri sana, bado yananukuliwa mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba wafanyabiashara wa Bristol walichukia alivyounga mkono biashara ya Ireland iliyowashindania, na 1780 alipoona hana kura akajitoa kugombea pale. Kwahiyo mbunge anayetaka kuongelea dunia aongee, ila ajue bili inakuja kwenye uchaguzi, na bili hiyo mnaiandika nyinyi wenye shida ya maji.

Anko kwanini mbunge akiongea viti vitupu? Naangalia TV naona watu kama kumi, mmoja anasinzia. Si usanii huo? (Fundi simu)

Sio usanii, au tuseme sio mara zote. Wengi wakati huo wako kwenye kamati, na kwa kweli kazi ya kukwangua hesabu za serikali mstari kwa mstari inafanyika kwenye kamati kuliko ukumbini. Halafu hata ukumbi wenyewe, Commons ina wabunge 650 na viti 427 hivi. Ulibomolewa na mabomu 1941, wakati wa kuujenga upya Waziri Mkuu Churchill akasisitiza ubaki mdogo, hakutaka ukumbi unaoonekana mtupu kila siku.

Mbunge wa nyuma mara nyingi anapewa muda mbaya. Kule kuna mjadala wa nusu saa wa mwisho kabisa kabla kikao hakijaahirishwa, wenzake wanakuwa wanaondoka na makabrasha yao, anabaki yeye, naibu waziri na Spika au msaidizi wake. Kanada kabla ya kipindi cha maswali wanagawana dakika 15, kila mmoja dakika moja tu ya kusema la jimboni kwake. Dakika moja! Lakini naibu waziri aliyebaki pale usiku lazima ajibu, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu sawasawa na kama ukumbi ungejaa.

Na kuna siku kumbukumbu yenyewe ndio lengo. Oktoba 2011 Steve Rotheram, mbunge wa Liverpool aliyeingia mwaka mmoja tu kabla, alisimama akasoma majina ya watu 96 waliokufa kwa msongamano wa mashabiki wa mwaka 1989 kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough, jina moja baada ya jingine, ili yawe ndani ya Hansadi. Mjadala ule ulipatikana kwa sababu wananchi walisaini ombi la kutaka serikali itoe nyaraka zote. Mwaka uliofuata jopo huru likatoa ripoti, na 2016 baraza la uchunguzi wa vifo likatamka kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, sio kwamba walijiletea wenyewe kama ilivyokuwa ikisemwa.

Mjomba, shida yangu ni ya kwangu mwenyewe. Kazini nimeambiwa kuna upungufu wa hela kwenye mfumo wa kompyuta, sijachukua hata senti, natakiwa kulipa. Mbunge anapokea kesi za mtu mmoja au mpaka tuwe kijiji kizima? (Karani)

Hili ndilo swali lililonifanya nisilale. Ndugu yangu, mpelekee leo.

Kwanini nasema hivyo, kisa chako ni karibu sawa na kile cha posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 posta ya kule iliweka mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, umetengenezwa na Fujitsu, kwenye vijiofisi vya posta nchi nzima. Mfumo ukawa unaonyesha hela zimepungua wakati hazijapungua. Wasimamizi wa hivyo vijiofisi, watu wa kawaida kabisa, wakawa wanaambiwa lipa, wengine wakauza nyumba, wengine wakafungwa, zaidi ya 900 walipatikana na hatia kwenye kesi zilizotegemea takwimu za ule mfumo. Na kila mmoja akipiga simu kulalamika anaambiwa ni wewe peke yako mwenye shida hii. Hiyo "peke yako" ndio iliwamaliza watu.

Sasa mbunge mmoja, James Arbuthnot, wa jimbo la North East Hampshire, alipata mtu wa jimboni kwake mwenye kesi hiyo, halafu akapata mwingine. Wawili. Watu wawili jimbo moja, wote waaminifu, wote hesabu zimekataa? Akaanza kuwauliza wabunge wenzake kama nao wanao, kumbe wanao, wa chama chake na wa vyama vingine. Mmoja wao alikuwa Kevan Jones wa North Durham, wa chama kingine kabisa. Unaona ilivyo? Kila mbunge alikuwa na kajikaratasi kamoja mezani kwake anadhani ni shida ya mtu mmoja, walipoviweka pamoja ikawa kashfa ya nchi. Hakuna waziri aliyeona hilo, hakuna mkaguzi, waliliona watu wanaopokea barua za jimboni. Arbuthnot akaomba mjadala bungeni mwezi wa 12 mwaka 2014, na alipotoka Commons mwaka uliofuata akahamia House of Lords, baraza la juu la Bunge, na hakuacha. Mahakama ikaja kusema mfumo ulikuwa na kasoro mwaka 2019, wale wasimamizi walishinda kesi yao wenyewe kwa jasho lao, na 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta zile hukumu kwa pamoja.

Ukihesabu ni miaka 25. Sitakudanganya kwamba mbunge wako atakusaidia wiki ijayo. Na mbunge hawezi kumwambia hakimu aamue nini, kesi ikishafika mahakamani mabunge mengi yanazuia hata kuijadili, kwahiyo wanasheria bado unawahitaji. Lakini mpelekee, na umuulize swali moja tu: je, mheshimiwa, kuna mwingine amekuletea kitu kama hiki?

Habari za kazi. Mbunge wangu ni wa chama tawala. Anatuambia pembeni kwamba anakubaliana na sisi halafu akifika ndani anaunga mkono hoja mia kwa mia. Ni woga? (Dereva)

Nzuri kaka. Woga upo, na una jina, anaitwa mnadhimu, Wakenya wanasema kiranja. Kwa Kiingereza neno lenyewe lilitoka kwenye uwindaji, ni yule mtu mwenye kiboko anayehakikisha mbwa hawatawanyiki wakati wa kufukuza mbweha, sasa hebu fikiria mbunge ni nani kwenye picha hiyo. Uingereza karatasi ya chama inayokwambia upige kura vipi ikipigiwa mistari mitatu chini yake maana yake usithubutu kukosa. Ukikaidi unaweza kunyimwa kamati, unanyimwa safari, uwaziri ndio usahau, na kwenye nchi nyingine ukifukuzwa chama na ubunge umekwisha.

Lakini wapo waliothubutu wakiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Feroze Gandhi wa India, mbunge wa chama tawala cha Congress, tena mkwe wa Waziri Mkuu Nehru, kamuoa binti yake Indira. Desemba 1957 alisimama bungeni akahoji kwanini shirika la bima la serikali, hela za bima za wananchi wale, limenunua hisa za kampuni sita za mfanyabiashara mmoja aitwaye Haridas Mundhra ambazo hali yake ilikuwa mbaya. Alikuja na tarehe, na bei za hisa, hakuja na kelele. Serikali ikabidi iunde tume ya jaji mmoja, M. C. Chagla, ikasikiliza hadharani, watu wakajazana, na Februari 1958 Waziri wa Fedha T. T. Krishnamachari akajiuzulu. Hebu fikiria chakula cha jioni cha familia wiki ile.

Mwingine ni Jeremy Corbyn, chama chake cha Labour kikiwa madarakani 1997 mpaka 2010 alikipigia kura ya kukipinga zaidi ya mara 400, hakupewa hata unaibu waziri, halafu 2015 wanachama wakamchagua kuwa kiongozi wa chama. Sikwambii hilo ni jambo jema au baya, inategemea unamuuliza nani.

Ila nikuongezee kitu ambacho watu hawakioni. Mbunge wa chama tawala anayenong'ona na waziri kwenye korido anaweza kukupatia kitu ambacho mpinzani angekipigia kelele mwaka mzima asikipate. Tatizo ni kwamba mnong'ono hauna ushahidi. Anaweza kuwa alinong'ona kweli, anaweza kuwa alikuwa anasalimia tu. Mwambie akuonyeshe barua.

Mbunge anaweza kutunga sheria yake mwenyewe bila serikali? (Bila jina)

Anaweza, unaitwa muswada binafsi, na nafasi ya kufanikiwa ni ndogo. Commons kila mkutano wa mwaka wanachezesha bahati nasibu, majina 20 yanatoka, wanapewa Ijumaa 13 za kugawana. Ijumaa wabunge wanataka kuwa majimboni, kwahiyo wachache wanabaki, na mmoja asiyeupenda muswada wako akisimama akaongea mpaka saa nane na nusu mchana ikamkuta bado anaongea, umekwisha, hamjapiga hata kura. New Zealand wanachomoa namba kutoka kwenye kibati cha biskuti, sikutanii, kibati kabisa. India tangu uhuru miswada binafsi iliyokuwa sheria ni 14 tu na ya mwisho ilikuwa 1970.

Lakini ile michache! Kusitishwa kwa adhabu ya kifo kwa mauaji Uingereza, 1965, ulikuwa muswada wa Sydney Silverman, mbunge wa nyuma. Sheria ya utoaji mimba ya 1967 ilitoka kwa kijana David Steel aliyeshika namba tatu kwenye ile bahati nasibu. Serikali nyingi zinaogopa kushika moto wa aina hiyo kwa mkono wake, zinamwachia mbunge ashike na chini chini zinampa muda, maana bila muda wa serikali huendi kokote. Na Kenya ule mfuko wa maendeleo ya majimbo ulianzia kwenye muswada wa Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, ukawa sheria 2003. Majirani kadhaa wakaiga baadaye.

Na ukishindwa unarudi. Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyetaka biashara ya utumwa ipigwe marufuku, mwaka 1791 alipata kura 88 dhidi ya 163. Mwaka 1807 zilikuwa 283 dhidi ya 16. Hapo katikati alirudi karibu kila mwaka, wakamchoka kabisa.

Kuna msomaji kaunganisha hapo hapo kwamba mbunge akimtaja mtu bungeni kuwa ni mwizi anashitakiwa au la. Kwa kawaida hapana, hiyo kinga ni ya tangu sheria ya haki ya 1689 kule Uingereza, Tanzania iko ibara ya 100 ya Katiba. Akitoka nje akarudia yale yale kwa waandishi, hapo kinga hana, ndio maana utasikia "nikamseme nje?" halafu hatoki.

Mjomba nimekuandikia kwa kirefu kuhusu barabara yetu ya kwenda kituo cha afya (kurasa tisa, nimeziacha nje: Mjomba). Je nikimpelekea mbunge barua hii hii itafaa? (Mzee mstaafu)

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma yote, mara mbili, na ukurasa wa sita nimecheka sana pale kwa yule diwani na pikipiki. Ila hapana, hii hii haitafaa.

Mbunge ana watu wengi wanaomwandikia na swali la bungeni ni la mistari michache, kwahiyo mpe kitu anachoweza kukinyanyua kama kilivyo. Iwe ukurasa mmoja. Anza na barabara inaitwaje, inatoka wapi inaishia wapi, imekatika lini. Lile jambo umeliweka ukurasa wa nane, kwamba akina mama wawili walijifungulia njiani kwa sababu gari halikupita, lilete juu kabisa na uweke tarehe, ila majina yao usiyaandike mpaka wakubali. Weka nakala ya ile barua ya halmashauri iliyosema matengenezo yameshafanyika, hiyo ni dhahabu mzee, ndiyo itamfanya waziri ahangaike, maana hapo swali linabadilika, sio tena "naomba barabara", linakuwa "waziri anaweza kulieleza Bunge hela ya matengenezo yaliyoandikwa kuwa yamefanyika ilikwenda wapi". Mwishoni andika unachotaka aulize, kwa maneno yako, sentensi moja. Asipolitumia hilo swali lako atatumia linalofanana nalo.

Peleka kwa mkono, mwambie karani wa ofisi ya jimbo akugongee mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Baada ya wiki tatu nenda tena. Na wale wa vijiji viwili vya ng'ambo uliowataja ukurasa wa nne, wanaotumia barabara hiyo hiyo lakini mbunge wao ni mwingine, waambie nao waandike kwa wa kwao.